Kamati ya Kuratibu Ubishi wa Mpira

"Lile goli halijadiliwi," Mwenyekiti akasema, mkono umeshapiga meza mara mbili, "mpaka muhtasari wa kikao kilichopita uthibitishwe."

"Mwenyekiti, hakuna kikao kilichopita," mi nikasema. "Hiki ndicho cha kwanza."

"Ndiyo maana nasema hatuwezi kuendelea."

"Lakini kuna watu elfu nne wanasubiri huko mtandaoni."

"Wasubiri. Kwani hilo goli linakwenda wapi? Si limeshaingia?"

Bi. Siwema, katibu wa kamati, akapaza sauti kutupita sote. Akasema hilo neno la "limeshaingia" yeye haliandiki, maana kamati haijaamua kama limeingia. Mjumbe kutoka Idara ya Maji, ambaye mpaka leo sijui alikuwa anatafuta nini pale, akasema kwa maoni yake ilikuwa ofsaidi. Mjumbe wa Mifugo akamuuliza ofsaidi anaijua kwa sura au kwa kusimuliwa. Wa Maji akasema haji kutukanwa na mtu wa kupe. Wa Mifugo akasimama. Mi nikasimama ili nimkalishe, Mwenyekiti akaniuliza nani kaniruhusu kusimama, na hapo wote watano tukawa tunapiga kelele, kila mtu kuhusu jambo lake.

Ngoja nieleze, maana mtu anaweza kudhani ilikuwa vita.

Mi naitwa Ngwali. Nimemaliza kidato cha sita zaidi ya miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo nasubiri. Ukiniuliza nasubiri nini, muulize aliyeniambia nisubiri. Nchi yangu sitaitaja. Siogopi, ni heshima tu. Nchi yetu haipendi kutajwa bila barua.

Wakati nasubiri nikawa naendesha jukwaa la mtandaoni la mashabiki wa Nungunungu FC. Linaitwa Mwiba. Kompyuta yake ilikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye duka la mjomba wangu Tambwe, fundi cherehani. Vumbi la vitambaa linaingia ndani, mashine inakohoa, mi naipuliza, maisha yanaendelea.

Watu wanadhani kuendesha jukwaa la mpira ni raha. Jaribu. Mko dakika ya hamsini na nane, penati imepigwa filimbi, watu mioyo iko mkononi, mtu anaingia anaposti dawa ya kurudisha mpenzi. Kuna mzee mmoja anaandika kwa herufi kubwa tupu, ukimwambia apunguze anasema hapigi kelele, macho ndiyo hayaoni. Kuna mwingine ana akaunti saba, anabishana mwenyewe kwa mwenyewe, na bado anashindwa. Wakisahau pasiwedi hawaandiki ujumbe. Wanakuja dukani kwa miguu, wanasimama mlangoni, wanasema, "Admini, mimi ni Simba wa Kitongoji, sikumbuki neno la siri," na wateja wa mjomba wanageuka kumtazama huyo simba.

Halafu kulikuwa na Chausiku.

Chausiku anakaanga chipsi ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la mjomba. Ni shabiki wa Mwewe United, watani wetu wa jadi, na yuko ndani ya Mwiba tangu wiki ya kwanza, kwa jina la Mwewe Pekee. Wa upande wao yuko peke yake, sisi elfu nne. Tukifungwa, kabla refa hajamaliza kupuliza, yeye ameshaposti. Watu wanamjibu mpaka Jumatano. Alhamisi wanapumzika. Ijumaa anawachokoza upya. Mara tatu nimeombwa nimtoe, na mara zote tatu walioomba walirudi kuniuliza mbona leo hajaingia, anaumwa?

Shida yetu kubwa ilikuwa umeme. Umeme wa mtaani kwetu una tabia moja, unakatika dakika ya sitini. Haijalishi mechi imeanza saa ngapi, wenyewe unahesabu. Ukikatika, Mwiba linazimika, na watu elfu nne wanabaki na matusi mdomoni hawana pa kuyaweka.

Ndipo nikafanya kosa. Nikaandika barua serikalini. Niliomba kitu kimoja, Jumamosi kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili wasikate umeme. Basi. Mistari minne na sahihi. Sikujua kwamba kwetu barua ukiituma serikalini inazaa.

Siku ya tisa gari likasimama mbele ya duka. Akashuka mzee mmoja wa suti ya kaki, kalamu tatu mfukoni, anaitwa Mzee Kilumanga, Mkurugenzi wa Ushabiki Ratibu, ndiye yule Mwenyekiti niliyeanza naye. Ofisi hiyo hata mi nilikuwa siijui. Nilikuja kuambiwa ilianzishwa Jumatatu ya wiki ile ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Kilio chenu tumekisikia."

"Ahsante, mzee. Kwa hiyo umeme..."

"Serikali haiwezi kuangalia ubishi wa wananchi ukipotea ovyo chini ya meza ya fundi nguo," akasema, huku anaitazama kompyuta kama mtoto aliyekutwa jalalani. "Ubishi ni rasilimali. Lazima uratibiwe."

Wakaibeba. Wakaiweka siti ya mbele, wakaifunga mkanda. Mi nikakaa nyuma na Bi. Siwema na mafaili. Mjomba Tambwe akauliza na yeye umeme wake utapatikana lini. Akaambiwa aandike barua.

Wizarani umeme ulikuwepo, hilo nisiwe mwongo. Ghorofa ya tatu, kiyoyozi mpaka meno yanagongana, na mlango una kibao kimeandikwa KAMATI YA KURATIBU UBISHI (MPIRA). Kompyuta ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Nikataka kuiwasha. Mzee Kilumanga akanishika mkono.

"Jukwaa hili limezinduliwa na nani?"

"Halijazinduliwa, mzee. Lina miaka mitatu linafanya kazi."

"Miaka mitatu," akasema taratibu, kama daktari anayesoma majibu mabaya. "Miaka mitatu watu wanabishana kwenye kitu ambacho hakijazinduliwa."

Basi ikasubiriwa siku ya uzinduzi. Mechi mbili zikapita. Mgeni rasmi akaalikwa, Naibu Waziri wa jambo fulani, akafika amechelewa saa tatu, akahutubia dakika hamsini kuhusu ufugaji wa nyuki. Mwishoni akasema amefurahi kuona vijana wanajituma kwenye mtambo huu wa kisasa wa kukamua asali. Akapewa mkasi. Utepe ulikuwa umezungushwa kwenye kompyuta, na waya wa umeme ulikuwa umepita nyuma ya utepe. Akakata vyote viwili. Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akauliza ule mlio ni sehemu ya sherehe? Akaambiwa ndiyo, mheshimiwa.

Waya ukaungwa, jukwaa likawaka, na ndipo tukaanza vikao kama kile nilichoanza nacho. Nilidhani vitakuwa vya mara moja moja. Kumbe kila posti ina kikao chake.

Mtu akitaka kusema kipa wetu ni mlango wa hoteli, kwanza ajaze Fomu ya Ubishi, nakala tatu. Jina, kazi, ubishi unaokusudiwa, sababu za ubishi, na kwenye mstari wa mwisho, jina la mtu atakayekubali kushindwa. Fomu inakuja kwenye kamati. Kamati inafungua kikao kwa sala, inathibitisha ajenda, inasoma muhtasari, inaingia kwenye yatokanayo. Habari ya kipa iko kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo ndipo chai inapokuja, na chai ikishaingia kikao kimeahirishwa.

Na kila ubishi lazima uishe kwa azimio. Mzee Kilumanga alikuwa hataki kusikia ubishi uliobaki wazi. "Ubishi usio na hitimisho ni uzururaji," alikuwa anasema. Kwa hiyo maazimio tukawa nayo. Azimio namba tatu lilisema tulifungwa mawili bila, ila kwa umoja. Azimio namba saba likasema refa ni binadamu, isipokuwa wa Jumamosi iliyopita. Azimio namba kumi na moja likampongeza mshambuliaji wetu kwa kukosa penati, maana kupata kungeleta mgawanyiko.

Watu wa Mwiba wakavumilia wiki moja. Yule mzee wa herufi kubwa alijaza fomu, akarudishiwa kwa sababu herufi ni kubwa kuliko visanduku. Mwenye akaunti saba alitakiwa kuleta wadhamini saba. Wakaanza kuondoka kimya kimya. Ndani ya mwezi tukabaki mia mbili na kumi na mbili, na kati yao mia moja na tisini walikuwa wafanyakazi wa wizara walioamriwa kujiunga. Wote wanaandika kitu kimoja, "Naunga mkono hoja." Unafungua Mwiba asubuhi, unakuta watu mia na tisini wanaunga mkono hoja, na hoja yenyewe hakuna.

Mzee Kilumanga alisoma akatabasamu. Akasema hajawahi kuona mashabiki waliotulia kiasi hiki.

Sasa mtu ataniuliza, Ngwali, na wewe ulikuwa unangoja nini? Si ungeondoka? Nitasema kweli. Niliahidiwa kazi. Afisa Ubishi Daraja la Tatu, ajira ya kudumu, pensheni na likizo. Mama yangu alipoambiwa alikaa chini kwenye kigoda, akasema, "Huo ubishi uliokuwa unakusahaulisha kula, leo ndio utakulisha." Jioni ile ile mtaa mzima ulikuwa unajua. Majirani wakaanza kuniamkia kwa cheo. Mtu ukishaamkiwa kwa cheo, kurudi kwenye jina lako inakuwa kama kushuka ngazi kinyumenyume.

Chausiku peke yake ndiye aliyekataa kunipandisha.

"Afisa," akaniita Ijumaa moja napita, anageuza chipsi. "Njoo ule, au siku hizi mpaka kamati ikae?"

"Acha hizo, Chau."

"Kesho dabi. Unajua au mmeiahirisha?"

"Najua."

"Mimi nimekaa wiki nzima na maneno yangu. Nimeyapika, nimeyaunga, nataka kuwapakulia. Naingia Mwiba nakuta watu wananiunga mkono. Mimi. Nimejaza fomu yenu, nimewaambia beki wenu anakimbia kama kabati linahamishwa, mia na tisini wameniunga mkono. Hivi nyie mna akili?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nisikilize, Ngwali. Siku ya dabi watu wote wanajaribu kuingia mara moja ya mwisho. Wakikuta msiba ule ule, hawarudi tena. Kila mtu atakwenda na ki-grupu chake cha watu kumi wanaokubaliana. Utakuwa na cheo, Mwiba halipo."

"Sasa nifanye nini? Kompyuta iko kwao."

"Ile flashi unayotolea nakala kila Ijumaa, iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni. Hiyo tabia nilikuwa nayo tangu enzi za dakika ya sitini. Nikampa. Akaenda nayo kwa mjomba Tambwe, akarudi na laptopu kuukuu ya mjomba, na mpaka mafuta yanapoa tulikuwa tumeiwasha nakala ya Mwiba juu ya ndoo ya viazi. Ikawaka vizuri kabisa. Nikamuuliza na umeme ukikatika? Akanionyesha kwa mwiko, nyuma ya banda, betri ya sola anayochajia simu za wateja. Ilikuwepo pale mwaka wa pili. Mi nilikuwa navuka barabara hiyo kila siku, na bado nikaenda kuandika barua serikalini.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Anwani ya Mwiba, ile ambayo watu wanaiandika kwenye simu zao, ilikuwa bado inawapeleka wizarani. Kuigeuza ije bandani kunahitaji pasiwedi kuu, na pasiwedi kuu naijua mi peke yangu, kichwani.

"Niambie," Chausiku akasema.

"Nikishakuambia, kazi sina."

Akapangusa mikono kwenye aproni. "Hilo sikulazimishi. Mama yako mi namheshimu." Akanifungia chipsi, akanipa, nikaondoka sijasema.

Jumamosi kikao kilipangwa saa kumi kamili alasiri. Hakuna mjumbe aliyejua kwamba ndiyo saa ya dabi. Walinzi wa chini walijua, redio yao ilikuwa inasikika mpaka ghorofa ya tatu.

Barua yangu ya ajira ilikuwa mezani, imepigwa muhuri, imebaki sahihi. Mzee Kilumanga alivaa suti nyingine, ya kaki vilevile. Akafungua kikao kwa sala, akaniombea mpaka mi.

"Ajenda ni mbili tu," akasema. "Ya kwanza. Utafiti wa kamati umebaini kwamba umoja ndani ya jukwaa umefikia asilimia tisini na tisa na nukta tano. Ile nukta tano iliyobaki imetafutwa, imepatikana. Ni mtu mmoja, anaitwa Mwewe Pekee."

"Mwenyekiti, huyo ni mtani."

"Tumemwandikia barua tukimtaka aeleze kwa nini yuko kinyume. Amejibu kwamba amezaliwa hivyo." Wajumbe wakatikisa vichwa. "Aondolewe leo. Ajenda ya pili, kijana wetu akabidhi pasiwedi kuu. Ni mali ya umma, haiwezi kuendelea kukaa kwenye kichwa cha mtu binafsi. Akishakabidhi, nasaini."

Akavua kofia ya kalamu, akaiweka ncha juu ya karatasi, hapo hapo panapotakiwa. Nikayaona majina yangu yote matatu, yameandikwa kwa mashine. Nikamuona mama anavyoyasoma.

Chini redioni mtangazaji akapandisha sauti, halafu jengo zima likasikika likiguna. Mtu kafunga. Sijui nani. Mi admini wa Nungunungu miaka mitatu, dabi inachezwa, sijui nani kafunga. Nikaitazama skrini ya Mwiba. Watu wanaingia, Chausiku alisema kweli, idadi inapanda, mia tano, mia nane, elfu na mia moja. Wanaingia, wanakuta Fomu ya Ubishi, wanatoka.

Sasa kwetu kuna jambo moja, na nadhani Mzee Kilumanga alilisahau kwa kukaa sana kwenye kiyoyozi. Ukifiwa, anayesimamia msiba wako ni mtani. Yule yule aliyekuwa anakuzodoa kila siku ndiye anayeshika jembe, ndiye anayekuja kukaa juu ya jeneza anadai alipwe, anaiga mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wanacheka na kamasi. Ndugu wa damu siku hiyo hawaaminiwi na kitu. Wanaweza kuzimia wakati wowote. Mtani hazimii. Mtani ndiye anayejua vitu viko wapi.

Nikatoa simu. Nikaandika ile pasiwedi yote, herufi kumi na nne, nikaituma ng'ambo ya barabara.

"Kijana," Mzee Kilumanga akasema, kalamu bado imesimama. "Tunasubiri pasiwedi."

"Nimeshaikabidhi, Mwenyekiti."

"Kwa nani?"

"Kwa Mwewe Pekee."

Bi. Siwema akauliza aandikeje. Mjumbe wa Mifugo akamwambia aandike kama ilivyo. Wa Maji akasema hapana, asubiri, maana huo siyo uamuzi wa kikao.

"Umempa adui," Mzee Kilumanga akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mzima tu aliyechoka, labda naye ana watu nyumbani waliokwishaambiwa kuhusu kamati. "Unajua atakachofanya? Atalibadilisha. Atawatukana humo humo ndani kwenu."

"Ndiyo, mzee."

"Na unakubali?"

"Hilo ndilo tulilokuwa tunalifuata humo."

Akairudisha kofia ya kalamu polepole, mpaka ikalia. Barua akaigeuza kifudifudi. Niseme haikuniuma? Iliniuma. Nilikuwa naona sufuria la pilau ambalo mama alisema ataliteleka jioni ya leo, na majirani watakaoliinamia wakimpongeza, na mi natakiwa nifike kabla yao nimwambie azime moto.

Ofisini ikabaki meza ya maua, na kwenye skrini watumishi mia na tisini. Lakini simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni na haikuacha. Nikaifungua. Mwiba lilikuwa limerudi. Nembo yetu ya nungunungu imeshabadilishwa, sasa nungunungu yuko kwenye sahani, kapambwa kwa nyanya. Chini yake watu elfu mbili wanaporomosha maneno. Mzee wa herufi kubwa anaunguruma. Mwenye akaunti saba amejigawa, wanne upande huu, watatu ule. Moja bila, Mwewe wanaongoza, na Chausiku anawapakulia mmoja mmoja kwa majina, hajarudia neno.

Nikaandika jibu. Lilikuwa jibu zuri, la mwezi mzima. Nikabonyeza kutuma.

Likagoma. Likaja tangazo jekundu: Umefungiwa siku saba na uongozi mpya. Kosa: kufuga mwewe nyumbani kwa nungunungu. Rufaa zipokelewe bandani, ana kwa ana, uje na kachumbari.

Nikasimama. Chausiku hawezi kunifungia dabi ikiwa kipindi cha kwanza. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, na vitu vyenyewe havikuwepo.

"Hakuna anayetoka kabla kikao hakijafungwa," Mzee Kilumanga akasema. "Kutoka kunaombwa kupitia kiti."

"Naomba kutoka, Mwenyekiti."

"Sikubali."

"Sawa, mzee," nikasema, nikatoka, nikafunga mlango.